Mboji Niliyoilaza Kitandani

Kuna watu wa mtaa wa Bulla Pesa ambao mpaka leo wakiniona nimebeba kitu chochote, hata mkate, huniuliza kama bado kina joto, na mimi hucheka pamoja nao kwa sababu sina la kujitetea. Labda mmeisikia habari hii sokoni ikiwa imeongezwa chumvi (sikuvalishwa sanda, huo ni uongo mtupu). Acha niieleze mwenyewe kwa utaratibu, maana aibu ni yangu.

Kwanza, mimi si mwalimu. Watu wa ploti, zile nyumba za kupanga nilikokaa, waliniita Mwalimu kwa kuwa jioni nilikaa mlangoni nikisoma, nami sikuwasahihisha, kwani kuwasahihisha kungeanzisha mazungumzo na nilikuwa nimepoteza mazoea ya mazungumzo. Mimi ni fundi wa mizani, zile za duka na za nyama. Nilishuka Isiolo kutoka Meru baada ya mke wangu kufariki, miaka ya mwanzo ya kaunti, mji ulipokuwa ukijaa watu na takataka zao kwa pamoja, nikapanga chumba cha mwisho kwa Mama Safia, mjane Mborana mwenye sauti ya kusimamisha ng'ombe. Tulisalimiana asubuhi. Zaidi ya hapo, kuna wiki nilizomaliza bila kuongea na mtu ila kuhusu gramu.

Mboji niliianza kwa vitabu. Nilikuwa naona majani ya migomba yanayofungiwa miraa yakirundikana mitaroni, nikaona kichinjio kikimwaga samadi ya matumboni na damu, nikaona vumbi la mbao likichomwa bure kwa mafundi seremala, na nikasoma kwamba vitu hivyo vikipangwa kwa tabaka, vikipata maji kiasi na hewa, huchemka vyenyewe na kugeuka udongo mweusi usio na harufu. Nikajaribu nyuma ya chumba changu, na kweli ikawa. Nitasema bila haya kwamba nilikuwa nikienda kuipapasa ile mboji asubuhi kabla ya chai. Ilikuwa na joto. Katika chumba kile hakukuwa na kingine chenye joto.

Kosa lilianza nilipotaka iwe bora zaidi. Kuna karakana ya ngozi iliyokuwa ikitupa chokaa ya kunyonyolea manyoya, pamoja na vipande vya nyama vilivyokwanguliwa kwenye ngozi, na mimi nilikuwa nimesoma kwamba chokaa hupunguza uchachu wa udongo. Nilichokuwa sijakifikia (kilikuwa katika sura iliyofuata) ni kwamba chokaa ikikutana na damu na samadi mbichi hutoa gesi ya amonia ya kukutoa machozi. Mbuzi wa ploti, waliokuwa wakinipunguzia majani kila siku, walihama wenyewe. Mama Safia hakuhama. Alikuja na leso puani.

"Mwalimu, mimi sina shida na wewe. Shida ni hiyo kitu yako. Nikisikia hii harufu tena hapa nje, wallahi utatafuta nyumba ingine."

Mtu mwenye akili angeitupa. Mimi nilishika maneno "hapa nje". Ningehamia wapi tena, na umri huu, nikaanze upya kuwa mgeni? Nikaiingiza ndani. Sakafu ya simiti ilikuwa baridi na haipitishi hewa chini, lakini kitanda changu kilikuwa na chaga zilizoachana vizuri kabisa kwa kazi hiyo, kwa hiyo nikatandika magunia, nikailaza mboji juu yake kwa urefu, nikachomeka nondo fupi ya chuma upande wa miguuni ili niwe naichomoa na kupima joto kwa mkono, kisha nikaifunika kwa blanketi la mistari ya kahawia tulilonunua na marehemu mke wangu. Mimi nikalala kwenye mkeka. (Najua. Msiniambie.)

Sasa nilitaka mtu wa kuijaribu shambani, na watu wa kijiji cha Rapsu wana maji ya mfereji na mashamba ya vitunguu, kwa hiyo asubuhi moja nikapanda lori lililokuwa likienda kule. Mlango wa mbele niliufunga kwa komeo la ndani, nikatoka kwa kimlango cha uani nilichokitoboa mwenyewe, nikakitia kufuli. Nilipopita mbele ya mlango wa Mama Safia nilisimama kidogo. Nikafikiri nimuage, nikajiuliza nitamwambia nini, na kwa nini mtu ajali naenda wapi. Nikapita. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Yale mengine yote yalitoka hapo.

Rapsu walinisikiliza kwa adabu, wakanipa chai, wakasema tutaona. Lori la kurudi likaharibika. Simu ikazima. Siku moja ikawa kadhaa.

Niliporudi ilikuwa alasiri, nimejaa vumbi, nimejifunga shuka mpaka puani, na nje ya ploti kulikuwa na umati. Kina mama wameketi chini. Mkokoteni umeegeshwa langoni. Mlango wangu sikuuona, watu waliuziba, ila niliona wanaume wakitoka na mzigo mrefu ndani ya blanketi, wakiukimbiza huku wakikohoa, na mmoja wao akauachia apanguse macho, akaniona nimesimama bure.

"Wewe mzee, shika hapo miguuni! Usiangalie tu!"

Nikashika. Mtu akiambiwa shika miguu haanzi na maswali.

"Ni nani?" niliuliza.

"Ni Mwalimu wa hii ploti," alijibu Ekiru, askari wa usiku wa duka la jirani, aliyekuwa mbele yangu. "Amejifungia ndani siku nyingi. Tumechungulia dirishani, amelala tu. Tumevunja mlango."

"Amekufa?"

"Harufu imekufa. Lakini mwili uko na joto!"

"Huyu mtu alikuwa mwembamba," mwingine akalalamika, "mbona mzito hivi?"

"Maiti huwa nzito."

"Si maiti, nimekwambia ana joto!"

Nitawaambia jambo ambalo sokoni halisimuliwi. Kwa hatua kadhaa nilimhuzunikia yule mtu kwa dhati. Nilikuwa nimechoka, sikuwa nimelala, na neno Mwalimu sikuwahi kulihesabu kuwa jina langu. Nilifikiri, maskini, kumbe kulikuwa na mwingine humu aliyekuwa peke yake, na sikumjua. Nikamsikia Mama Safia akiuliza kwa sauti iliyokatika, "Nani ako na namba ya watu wake? Hata mmoja tu? Hakuna?" Kisha mama mmoja akasema, "Alikuwa mtu mzuri, hakuwa na maneno," na Mama Safia akamjibu, "Angeongea na nani?"

Ndipo nilipoinamisha macho nikaona mistari ya kahawia, na kwenye kiganja changu, mahali pa mguu, nikahisi nondo.

Ningeweza kuita jina langu. Ningeweza kusema simameni. Lakini akili yangu, hata wakati ule, ilikuwa kwenye magunia, ambayo yalikuwa yameoza kwa joto na unyevu, nikasema, "Msikimbie, itamwagika."

Ekiru akageuka. "Itamwagika nini?"

Ikamwagika. Gunia lilipasuka katikati, na samadi, chokaa, majani ya migomba na vile vipande vya nyama ya ngozi vikashuka miguuni pa waombolezaji vikitoa moshi. Shuka ikaniteleza usoni. Ekiru aliniangalia, akaangalia chini, akaniangalia tena.

"Mwalimu," alisema polepole, "umejibeba?"

Basi kicheko kikalipuka. Mama mmoja alicheka mpaka akalala ubavu. "Tumelilia mavi ya ng'ombe!" walipiga kelele. "Mpelekeni hospitali, labda atapona!" Nami nilisimama na kona ya blanketi mkononi, sikujua niiweke wapi.

Mama Safia pekee hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa amonia. Chini, katikati ya uchafu, niliona leso yake mpya aliyokuwa amenifunika nayo upande wa kichwa.

"Nimekulilia," alisema. "Mimi nimekulilia wewe, na wewe uko matembezi."

Kufikia magharibi nilikuwa nimeizoa yote na kuipeleka nyuma ya kichinjio waliponikubalia (ilipoiva bila chokaa zaidi, mtu wa Rapsu aliichukua, lakini hiyo ni hadithi ya vitunguu). Nikaanza kufunga vitabu vyangu, kwa kuwa onyo nililikumbuka. Mama Safia akasimama pale palipokuwa na mlango.

"Unaenda wapi? Utatengeneza mlango wangu kwanza. Na leso utanunua." Akatoa simu. "Nipe namba ya mtu wako. Siku ingine kitu ikitokea, nipigie nani?"

Nilifikiri. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyofaa mtu kufikiri kwa swali kama hilo, na yeye akangoja.

"Weka yako," nikamwambia.

"Yangu niko nayo, wewe mzee."

"Basi jipigie."

Alinitazama, kisha akairudisha simu kwenye kanga bila kuandika chochote, akaondoka. Hakusema nihame.

Tangu siku ile sivuki lango bila kuaga. Hata nikienda kununua chumvi, nabisha kwa Mama Safia na kutaja niendako na saa nitakayorudi. Siku nyingi hajibu. Lakini nimesikiliza kwa makini, na nina hakika: ninapoanza kusema, huko ndani redio hupunguzwa sauti.