Magamba Kabla ya Sabato

Mama yangu alikuwa Msabato wa kweli kweli, si wa kuazima. Ijumaa jua likianza kuinama, kwake kila kitu kilikuwa kimekwisha pikwa na kuoshwa, na ole wako ukutwe bado unapasua kuni. Na samaki asiye na magamba hakuvuka kizingiti chake hata siku moja. Mumi, yule kambare wa ziwani mwenye ndevu na ngozi ya utelezi, hata kumtaja wakati wa chakula ilikuwa kosa. Nilikua nikilijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na maziwa hayakutoka. Hayakutoka, basi. Mtoto ananyonya, analia, ananyonya tena, analia tena. Tulijaribu maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, akaharisha. Mkunga wa zahanati akasema mama ale, anywe vitu vya moto, mtoto asitoke kifuani. Alikula, alikunywa uji wa wimbi mpaka akauchukia. Siku ya tatu kilio cha mtoto kikaanza kuwa chembamba, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Wa kwanza tulikuwa tumemzika kando ya migomba, naye alianza hivyo hivyo.

"Nilipokuzaa wewe," Mama alisema, kwa Kigusii chetu, "kilichonifungua maziwa ni supu ya ngege, yule samaki mpana wa magamba. Mbichi, si hawa wakavu wa sokoni. Nenda ziwani. Na urudi kabla ya Sabato."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Nilikuwa na rafiki mjini Kisii, Mwislamu, muuza nyama, mwenye pikapu kuukuu na mdomo usiojua kupumzika. Alfajiri tulikuwa barabarani tukiteremka kuelekea ziwani. Alikuwa amebeba mishipi, ndoana, na mfuko wa mapafu ya ng'ombe.

"Hiki ndicho chambo," aliniambia. "Nani asiyependa nyama?"

Nikamwamini. Sisi watu wa milimani tunajua chai, ndizi na pareto. Samaki kwetu alikuwa kitu kinachofika kimekwisha kaushwa, kichwani mwa mama wa Kijaluo siku ya soko. Nilidhani samaki wote hula kitu kimoja, na kwamba pahali pazuri pa kuvua ni pale penye maji meusi na ya kutisha.

Tulipofika ufuoni, upepo ulikuwa umelikoroga ziwa siku kadhaa na mashua zote zilikuwa zimevutwa juu. Wauzaji walikuwa na wakavu tu. Rafiki yangu akacheka. "Si tumekuja na ndoana? Acha uoga, bwana!"

Akachagua mahali palipojaa mafunjo, penye tope zito na maji yasiyosogea. Tukatundika mapafu, tukatupa. Sikukaa. Nilisimama, nikachuchumaa, nikasimama tena, macho mara kwenye mshipi mara kwenye jua. Mwenzangu alisema nikiendelea kutembea hivyo nitawafundisha samaki mchakamchaka.

Kisha mshipi ukavutwa. Loo! Ulivutwa kama na ndama aliyekataa kamba. Nilishikilia kwa mikono miwili, nikaingia majini na viatu vyangu, nikapiga kelele nisizozijua. Tukamtoa, akaanguka kwenye majani, mrefu kama mkono wangu wote. Nikamwambia Mungu asante kwa sauti. Nilikuwa tayari namwona mke wangu na bakuli mikononi.

Halafu nikaziona ndevu.

Nilimpapasa ubavu mzima nikitafuta gamba, hata moja. Utelezi mtupu. Rafiki yangu alinitazama, akaacha kucheka.

"Mchune ngozi," alisema polepole. "Mkate vipande vidogo. Kwenye supu nani atajua?"

Nilikaa chini kwenye tope. Sitasema uongo, nililiwaza jambo hilo kwa muda. Lakini nilimwona Mama akinusa sufuria, nikamwona mke wangu akitapika hicho kidogo alichonacho tumboni. Nikasema hapana. "Mchukue wewe," nikamwambia, naye akamtupa nyuma ya pikapu na kumfunika gunia.

Tukatupa tena. Akaja mumi mwingine, mdogo. Nikamrudisha majini kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyenikosea. Jua lilikuwa limefika utosini.

Nikaanza kutembea ufuoni kama mwendawazimu, natazama maji. Nilipita penye mawe, nikafika mahali ng'ombe hunyweshwa, pa kina kifupi, maji meupe juu ya changarawe. Mama mmoja alikuwa akisugua sufuria ya ugali pale. Ukoko ulikuwa ukielea, na chini yake maji yalikuwa yakichezacheza. Nikainama. Migongo ya kijivu, mipana, inageuka na kumeta. Kumeta! Kitu chenye magamba ndicho humeta.

"Mama, nisaidie huo ukoko," nilimwambia.

Alinitazama viatu, akatazama suruali yangu yenye tope. "Mkisii, una njaa hiyo yote?"

Nilipomweleza, hakutania tena. Akaukwangua wote kwa kijiko, akaniwekea kwenye jani, akaondoka na vyombo vyake ili asiwashtue samaki.

Nilifinyanga vidonge vidogo, nikamwomba rafiki yangu, aliyekuwa amenifuata, ndoana ndogo kuliko zote. Na hapo, jamani, ndipo nilipojua ngege ni mwalimu wa subira. Mumi alikuja kama mwizi wa mabavu. Ngege anaonja, anaacha, anarudi, anaiba kidonge na kukuachia chuma. Mara mbili nilijichoma kidole kwa haraka ya kutia kidonge kingine. Rafiki yangu alikuwa amekaa juu ya jiwe, kimya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kila kidonge kilichoibwa nilisikia kile kilio chembamba.

Nilipata wawili. Kila mmoja si mkubwa kuliko kiganja. Ukoko ukaisha, na jua likawa limeanza kuteremka.

Pikapu ilipanda milima ikikohoa. Kila kona nilitazama magharibi. Mwenzangu alikanyaga mafuta mpaka nikadhani sakafu itatoboka. Lakini Mungu hangojei pikapu, na tulipoingia uani anga ilikuwa imebaki na wekundu tu.

Mama alikuwa mlangoni. Nilijiandaa kwa maneno yake. Nilimpa wale ngege wawili, akawatazama kwa muda. Jua hakulitazama.

"Hawa tu?"

Rafiki yangu, mdomo wake ukiwa umemrudia, akajibu kutoka kwenye pikapu, "Yuko mwingine mkubwa hapa, Mama, lakini huyu hana nguo!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama akaenda mwenyewe, akafunua gunia.

"Huyu alivuliwa saa ngapi?"

"Asubuhi, kwa chambo cha nyama," nilisema.

"Asubuhi." Alilirudia neno hilo kama mtu anayelionja. Kisha akanigeukia, na sijawahi kumwona na uso ule. "Mtoto analia siku ya nne leo, na wewe unashinda ziwani ukimchagulia samaki nguo?"

"Mama, nilidhani wewe..."

"Mimi nini?"

Ndani ya nyumba mtoto alilia kidogo, akanyamaza.

"Lete kisu," Mama alisema.

Alimkata mumi yule nyuma ya jiko, kwa mikono yake, Sabato imekwisha ingia, midomo yake ikisogea bila sauti. Akawasha moto. Akawaweka wote kwenye sufuria moja, wenye magamba na asiye nayo. Hakuonja chumvi, akanipa mimi nionje. Mke wangu aliponusa bakuli na kuuliza ni samaki gani, Mama alimshika kisogo kama mtoto. "Kunywa," alimwambia. Akanywa bakuli moja, akaongezwa, akaongezwa tena, naye mtoto amelala kifuani pake muda wote.

Asubuhi nilikuwa nje nikisafisha viatu nilipogundua kumekuwa kimya. Nikakimbilia ndani. Mama alikuwa amesimama karibu na kitanda, amevaa nguo zake nyeupe za kanisani, kidole kwenye midomo. Nikasikiliza. Mtoto alikuwa akimeza. Glu, glu, anapumua, glu. Blauzi ya mke wangu ilikuwa imelowa.

Nililia, sioni haya kulisema. Mama hakulia. Alifunga kitambaa chake kichwani, akachukua Biblia yake, akapita kando yangu kuelekea mlangoni. Hapo akasimama, bila kugeuka.

"Kesho Jumapili urudi ziwani," alisema. "Na uende na nyama."