Sahani ya Wifi

Wifi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakwenda kasi kuliko mashine yake. Hushona kola za sare za shule, pini kazibana midomoni, na bado anakusengenya vizuri tu. Nilimpenda tangu siku kaka yangu alipomleta nyumbani.

Tatizo lilikuwa mezani. Mama alipika kantini ya kiwanda miaka nenda miaka rudi, na mabonge yake ya nyama yalimpa jina mpaka mtaa wa pili. Wifi alidonoadonoa, akashushia kila tonge kwa maji, kisha akasukuma sahani na nyama yake yote.

"Nimeshiba, mama."

Mama aliona anadharauliwa. Hakugomba, ila alianza kumwita "mgeni", na kuitwa mgeni nyumbani kwa mumeo kunakondesha kuliko njaa.

"Mwambie ukweli," nikamsihi.

"Nimwambie nini, wifi? Chakula kinakwama hapa," akagusa kifua. "Atasema nasingizia. Mwisho kaka yako atalazimika kuchagua, mimi au mama yake."

Jumapili moja bonge likakwama kweli. Machozi yakamtoka, mate yakamjaa, sauti hana. Ukimya wa mwanamke yule ndio uliomtisha Mama. Alimkokota hospitali mwenyewe, aproni bado kiunoni, nami nyuma yao.

Madaktari walipolitoa lile bonge, wakampiga picha za kifua. Daktari akatuonyesha: mshipa wa damu unaokwenda mkono wa kulia ulichipukia mahali pasipo pake tangu hajazaliwa, ukapita nyuma ya njia ya chakula na kuibana.

"Kwa sasa hatupasui," akasema. "Ale vipande vidogo, atafune taratibu, na awe anarudi tumwangalie."

"Kwa hiyo si mapishi yangu?" Mama akauliza.

"Si mapishi yako, mama," daktari akajibu, akijikaza asicheke.

Kesho yake Mama alisaga nyama ya nyumba nzima. Kaka akauliza mabonge yamekwenda wapi.

"Kula unyamaze," akaambiwa.

Wifi alikula taratibu, sote tukijifanya hatumtazami. Nilifurahi mpaka nikajitolea kuosha vyombo. Sahani ilipobaki tupu, akaisogeza mbele.

"Mama, niongeze."

Mama akageukia sufuria, akatupa mgongo, akachukua muda mrefu mno kupakua upawa mmoja.