Mtoto wa Sitini Ukutani

Jefwa wa Mtopanga alikuwa na mwandiko mzuri kuliko fundi yeyote wa mabango upande huu wa Kisauni. Si mimi nisemaye. Alisema mwenyewe, kila alipoulizwa na mara nyingi hata asipoulizwa. Bucha, duka la dawa, kanisa, tangi la maji, choo cha kulipia: penye ukuta, pana mkono wa Jefwa. Herufi zake zilisimama wima kama askari wa gwaride, kila moja na kivuli chake.

Nyuso ndizo zilizomshinda. Jefwa hakujua kuchora uso wa binadamu. Kila uso aliouchora, awe kinyozi, awe mng'oa meno, awe bibi harusi, ulitoka ni wa shemeji yake Morgan, kaka wa mkewe Kahaso. Morgan si mtu wa sura mbaya, hapana, lakini nani anataka kukutana naye mara nne kabla hajafika stegi ya matatu? Morgan mwenyewe hakulalamika. Aliingia kwa kinyozi yeyote, akanyoosha kidole kwenye bango, akanyolewa bure.

Mwenye kujua nyuso alikuwa Sarah, bintiye. Akiwa gredi ya saba, likizo moja, alimsaidia babake kuchora uso kwenye bango la kinyozi mmoja, na kinyozi akatoka anafanana na kinyozi. Watu walisimama kutazama. Mama mmoja alimsalimia yule wa ukutani. Kazi zikamiminika, shule ikafunguliwa, na Jefwa akaenda kumwambia mwalimu wa darasa kwamba mtoto atapumzika wiki mbili tu.

Wiki mbili hizo zilizaa miaka miwili.

"Sarah yuko wapi siku hizi?" watu walimuuliza.

"Amepumzika kidogo," Jefwa alijibu.

"Mapumziko gani haya ya juu ya ngazi, kutwa nzima, jua la utosi?" Kahaso alimuuliza nyumbani. Jefwa akamjibu kwamba ufundi nao ni elimu, akaomba chai. Kahaso alimpa chai. Haikuwa na sukari, na Jefwa hakuthubutu kuuliza.

Sarah alipanda ngazi. Alivaa sweta lake la zamani la shule, rangi ya damu ya mzee, ili nguo zisichafuke, na kila bango lilimwachia doa. Madaftari yake aliyaweka ndani ya kopo kubwa la rangi lililooshwa, akalifunika. Siku za mvua alilifungua kuona kama hayajaingia maji, kisha akalifunika tena.

Sasa, pale Mtopanga pana shule, jina lake tuliache, na shuleni pana mwalimu wa hesabu aitwaye Nafula, mtu wa Bungoma, miaka kumi na mmoja pwani. Mwalimu Nafula alisumbuliwa na jambo moja. Watoto waliingia gredi ya kwanza wamejaa, na kila mwaka walipungua, na wazazi kila mmoja aliona pengo la jirani tu. Alitaka walione lote kwa pamoja.

Mara ya kwanza alitengeneza chati kwenye kompyuta, duara lililokatwa vipande vya rangi, akaitundika siku ya mkutano. Wazazi waliitazama kwa heshima. Mwishowe Bi Mwanatabu, mwenyekiti wao, akainua mkono.

"Mwalimu, mkate wa sinia huo twauona, mashallah. Lakini aliyeukata hakuwatendea haki watu. Kipande kile kikubwa ni cha nani?"

Mwalimu Nafula alieleza asilimia kwa nusu saa. Alipomaliza, mzazi mmoja aliuliza utaliwa saa ngapi.

Basi akamwita Jefwa. "Mzee Jefwa, nataka ukuta ule unaotazama barabara. Watoto wote walioanza gredi ya kwanza mwaka elfu mbili kumi na saba, mkondo mmoja, sitini. Safu sita, kumi kumi. Aliyebaki darasani umpake rangi, sweta na kila kitu. Aliyeacha shule, mchore mstari tu, ndani mweupe. Sitaki tarakimu hata moja. Wataona kwa macho yao."

"Hakuna shida, Mwalimu. Binti yangu anajua nyuso."

"Najua anajua," alisema Mwalimu Nafula, akampa orodha ya majina. Hakuongeza neno, na ninyi mnaojua walimu mnajua kwamba mwalimu asiyeongeza neno ndiye wa kuogopwa.

Jefwa aliisomea njiani. Arobaini na mmoja walikuwa na alama ya vema. Kumi na tisa walikuwa na mkasi, ile alama ya kukosa. Wa hamsini na mbili aliandikwa Sarah Jefwa, na mkasi wake ulikuwa mwekundu kama wa wenzake, si mkubwa, si mdogo.

Alisimama kando ya barabara kitambo. Aliona aibu, tusimfiche, ila aibu ya mtu akiwa peke yake huisha upesi. Usiku huo alimnakilia Sarah orodha kwa mwandiko wake mzuri. Alinakili majina hamsini na tisa.

Wakaanza kazi. Jefwa alipiga chokaa, Sarah akapima na kuchora. Mwalimu alitarajia vijitu vya kawaida, kichwa duara na miguu miwili, lakini hawa walikuwa wenzake Sarah, aliokaa nao dawati moja miaka saba. Zuleikha alitoka na shingo yake ya kuinamia upande. Tsuma alitoka na jino lake la mbele alilolivunja kwenye mfereji wa maji. Jafar alitoka na masikio, na yeyote anayemjua Jafar atakwambia kwamba masikio hayo hayahitaji maelezo. Arobaini na mmoja wa rangi walimchukua siku tatu. Wale weupe, mstari mtupu, walimchukua siku nne.

"Baba, wamekwisha?"

"Wamekwisha."

"Safu ya mwisho ina tisa."

"Watoto hawahesabiwi, mwanangu," alisema Jefwa.

Na hilo ni kweli. Huku kwetu, uwe Mgiriama, uwe Mswahili wa Kisauni, huhesabu watoto wa watu mpaka wakatimia. Muulize mama ana wangapi, atakujibu "wapo, twashukuru," na ukishikilia atakutazama kama mwenye jicho baya. Ni desturi nzuri. Ila Jefwa hakuwahi kuijali maishani mwake. Mbuzi wake aliwahesabu asubuhi na jioni, na wajomba zake aliwahesabu kila palipokuwa na pilau. Siku hiyo aliikumbuka yote.

Sarah akaosha brashi.

Siku ya mkutano wazazi walijazana mbele ya ukuta. Hakuna aliyeuliza mkate. Kila mtu alimtafuta wake, na alipompata alipiga kelele. "Shingo hiyo! Zuleikha wangu huyo!" Babake Tsuma alicheka jino mpaka akatoa machozi. Morgan naye alikuwapo, kwa sababu alisikia kuna soda. Jefwa alisimama kando, mikono nyuma, akipokea pongezi kama bwana harusi.

Kisha Sabah, auzaye viazi karai langoni, akasogea karibu na ukuta.

"Fundi. Mbona wangu hana rangi? Rangi iliwaishia?"

Jefwa akamtazama Mwalimu.

"Rangi haikuisha, mama," alisema Mwalimu Nafula polepole. "Jafar hajaja shule tangu mwaka juzi."

"Yuko kwa mjombake, gereji ya tuktuk."

"Najua."

"Anajifunza kazi."

"Najua, mama."

Sabah aliyatazama yale masikio, na ule weupe katikati yake. "Wamemchora mpaka masikio yake," alisema, akajifunika uso kwa leso. Hakuna aliyecheka tena. Watu walianza kuwaona wale weupe, mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja.

Hapo ndipo Mwalimu Nafula alipoanza kuhesabu, kwa kidole, kwa sauti. Mwalimu wa hesabu ana maradhi yake. "Hamsini na saba, hamsini na nane, hamsini na tisa." Akarudia. "Mzee Jefwa, nilikupa sitini."

"Mwalimu, wewe ni mtu wa bara, hukosei kwa kusudi. Huku watoto hawahesabiwi wakatimia. Nimeacha mmoja, kukinga jicho."

"Wallahi hapo fundi amesema kweli!" alidakia Bi Mwanatabu. "Mmoja huachwa. Mamangu hakuwahi kututaja sote kwa pumzi moja, na sote tulikua."

Wazazi wakaitikia, ndivyo, ndivyo, na Jefwa akavuta pumzi. Miaka kumi na mmoja pwani ilikuwa imemfundisha Mwalimu Nafula wakati wa kukubali kushindwa.

"Sawa," akasema. "Desturi ni desturi. Tumwache mmoja. Lakini tumemwacha wa nani?"

Swali hilo halikuwa na ubaya wowote. Bi Mwanatabu aliugeukia ukuta kulitafutia jibu, maana ni mwenyekiti. "Wangu yule pale. Wa Sabah yule. Tsuma yule. Wa kina Mwikali wale, wote wawili." Alipita ukuta mzima hivyo, akawamaliza wazazi waliokuwapo, na alipogeuka alikuwa amebakiwa na mtu mmoja.

"Jefwa. Wako yuko wapi?"

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, ila hawakusema anafanya nini siku akishikiwa kioo. Jefwa alifungua kinywa, na neno "amepumzika" likaja kama lilivyozoea, likafika kwenye meno, likakwama. Watu wote walikuwa wakimtazama Sarah. Alikuwa kwenye ngazi, akirekebisha kivuli, ndani ya sweta lile la shule lenye madoa ya vinyozi wote wa Mtopanga.

Sarah hakuwatazama watu, wala babake. Aliutazama mwisho wa safu ya sita. Jefwa naye akatazama, na ndipo alipoona jambo ambalo kwa siku saba, akipita na ndoo ya chokaa, hakuliona. Ile safu ya watu tisa haikuwa imeenea ukuta. Mwishoni palikuwa na nafasi tupu, upana wa mtoto mmoja, na kwa chini Sarah alikuwa ameshauchora mstari wa kusimamia miguu.

"Ulijua," alisema Jefwa.

"Nilipima kumi, baba."

Jefwa alisogea mpaka kwenye ule mstari. Mwandiko mzuri kuliko wote, na hakupata hata herufi moja ya kusema. "Basi jichore, mwanangu," alisema mwishowe. "Shuka ujichore."

Sarah alishuka. Alimsogelea babake, akamnyooshea brashi kwa mikono miwili, kama apewavyo mkubwa kitu.

"Nichore wewe, baba. Wewe ndiwe uliyeniacha."

"Wajua nyuso zanishinda."

"Ndiyo, najua."

Akachora. Uwanja mzima ukiwa mgongoni mwake, jasho likimtiririka mpaka kiunoni, Jefwa alichora mstari mtupu, polepole, bila rangi. Alichora sketi. Alichora mikono, mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alikaa sana kwenye uso, akafuta kwa kidole, akarudia, akafuta. Aliposogea kando, pale mwisho wa safu ya sita alikuwa amesimama Morgan, amevaa sketi.

"Ah!" alisema Morgan kutoka kwenye soda. "Huyo ni mimi!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko, Sabah pia, ndani ya leso. Jefwa hakucheka. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na rangi. Mwalimu Nafula akasema, "Sitini," na hakuna aliyemkataza.

"Mwalimu," alisema Jefwa, "huyu wa mwisho. Kumtia rangi, yataka nini?"

"Yataka afike Jumatatu saa moja na nusu. Ataanzia gredi ya saba alikoachia, pamoja na wadogo. Wenzake watamaliza bila yeye, sitakudanganya."

"Nitakaa nyuma," alisema Sarah. "Mimi ni mrefu."

"Na sweta lake lina madoa," alisema Jefwa.

"Watalizoea."

Jumatatu saa kumi alasiri, baada ya kengele, Jefwa alikuja na kopo la rangi ya damu ya mzee, akalipaka lile sweta la ukutani mwenyewe, bila kutoka nje ya mstari. Mwalimu Nafula alimwomba Sarah aurekebishe ule uso, maana wageni wanauliza yule mzee mwenye sketi aliacha shule lini. Sarah alikataa. Alisema uso huo aliuchora babake, ubaki.

Tangu siku hiyo vinyozi wawili wamefungua Mtopanga, na mabango yao yote mawili ni Morgan. Wateja wananung'unika. Morgan ananyolewa mpaka nywele zimekosa nafasi ya kuota. Chai ya Jefwa imerudishiwa sukari.

Lile kopo limebaki nusu. Jefwa amelifunga kwa mpira, akaliweka juu ya kabati, na hataki liguswe kwa kazi nyingine, hata bucha walipomwomba. Kahaso alimuuliza analiwekea nani.

"Wamebaki weupe kumi na wanane," alisema Jefwa. Alikuwa amewahesabu.