Gari Lililosubiri Rangi

Shemeji yangu ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, na mkono wake siwezi kuutia dosari. Gari likija gereji limejikunja kama karatasi, yeye hulipapasa macho kayafumba, akagonga huku, akagonga kule, likatoka kama halijawahi kuguswa. Ubaya wake ni mmoja tu: hajui kazi imeisha lini. Ukimuuliza atakwambia "bado kidogo". Wenzake walimbandika hilo liwe jina, na mimi nikamtania nalo tangu siku alipomwoa dada yangu.

Gari lake la nyumbani alilinunua kama chuma chakavu. Lilikuwa la zamani, la taa za mviringo, lina umri wa kunizidi mimi, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Umeniletea gari au banda?" Lakini akalipenda. Siku za mapumziko alikaa uani na mumewe, akimshikia taa, akimkatia msasa. Rangi aliichagua yeye, kijani cha kupauka kama jani la ndani la kabichi, na shemeji akanunua kopo akaliweka juu ya kabati la jikoni.

Kisha kifua cha dada kikaanza. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nyuzi tangu usichana wake, na vumbi la pamba lilimkaa mapafuni. Daktari alisema asikaribie hata moshi wa jiko, sembuse rangi ya kupuliza. Basi gari likabaki hivyo hivyo. Injini ilinguruma vizuri, viti vipya, lakini mwili mzima viraka vya puti, ile ya kuzibia mabonde kabla ya rangi, kijivu hapa, kahawia pale, kama mtu aliyepakwa dawa ya upele.

Nikamwambia shemeji alipeleke gereji likapulizwe huko. "Kule kuna vumbi, shemeji, litaniharibikia." Alitoe basi lilivyo? Hapo afadhali ungemwambia avue nguo sokoni.

Na dada alitaka kitu kimoja tu. Akae kiti cha mbele, dirisha limeshushwa, wapite mbele ya geti la kiwanda wakati wenzake wanatoka kazini. Kule walishasikia kwamba yeye ni wa kufa tu. Alitaka wamwone amevaa, amekaa, anawapungia mkono.

"Mume wangu, nitoe hivi hivi," alimwambia siku moja nami nikiwepo. "Mwenyewe nimejaa viraka."

"Watanicheka, mke wangu. Fundi bodi mzima gari lake limejaa puti? Upate nafuu kwanza, nipulize rangi, twende kwa heshima."

"Na nisipopata?"

Akachukua msasa akatoka nje. Nilimfuata, damu inanichemka. "Shemeji, hivi unajua unachokisubiri? Huyu akiwa ndani hupulizi. Sasa utapuliza lini?" Aliendelea kuusugua mlango ambao ulishakuwa laini siku nyingi.

Dada alipofika mahali hawezi hata kulala bila kuegemezwa mito, ndipo shemeji akalegea. Alikubali, ila kwa sharti lake: watoke jua likizama, watu wasione viraka. Dada akanitazama. Wakati huo kiwandani hakuna mtu, na sote watatu tulijua. Hata hivyo akasema sawa. Nilimvisha gauni la maua, nikamfunga kilemba, akakaa kwenye kiti karibu na mlango tangu mchana. Wenzake walitoka kazini wakaenda zao, yeye yuko pale pale, gari liko uani, na mumewe anapangusa vioo.

Jua lilipoanza kuinama, pumzi ikaanza kumwishia. Tulimbeba tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu, na shemeji akaendesha kwenda hospitali akipiga honi njia nzima. Hivyo ndivyo dada yangu alivyolipanda gari lake. Alilala chali, na alichokiona ni bati tupu la paa, maana kitambaa cha dari nacho kilikuwa bado. Tulipokaribia kiwanda nilimwinamia. "Dada, tumefika getini." Akainua mkono kidogo, akapunga. Getini hapakuwa na mtu.

Hospitali tulimfikisha, lakini hakurudi.

Baada ya mazishi nilikwenda kukusanya nguo zake. Nilimkuta shemeji jikoni, amelishusha lile kopo. "Shemeji, unaonaje?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Puliza tu," nikamwambia. "Nyumba hii sasa haina anayekohoa."

Alilishika kopo kwa mikono yote miwili kama linataka kumponyoka. Halafu akalirudisha juu ya kabati, halijafunguliwa, na mpaka leo liko pale. Sikumwomba radhi na wala sitamwomba.

Gari analiendesha. Kila siku ya kazi, wafanyakazi wanapomiminika nje, hupita mbele ya geti la kiwanda polepole, viraka vyote juani, dirisha la mbele limeshushwa, kiti kile kitupu. Vijana hucheka, humpigia kelele, "Fundi, rangi lini?" Zamani angewajibu, "Bado kidogo." Siku hizi anashika usukani wake anapita.