Pindo la Kushoto

Kila Januari nilimpima binti yangu sare ya shule kwenye kibanda changu cha kushona, hapa Rangwe. Alipofika miaka kumi na miwili, sketi ilianza kushuka upande wa kushoto. Nikamgombeza: "Simama wima, wewe!" Akajaribu, masikini. Nikapandisha pindo la upande ule, sketi ikakaa sawa. Mwaka uliofuata nikalipandisha tena, na bega moja la blauzi nikalijaza sponji. Wateja walisifu mkono wangu, nami, mjinga mimi, nikafurahi.

Alipofika kumi na minne akaanza kuhema akipanda kilima cha kwenda shuleni. Hospitalini Homa Bay, daktari alitundika picha ya eksirei kwenye taa, akachora mstari juu na mwingine chini ya pale uti wa mgongo ulipopinda, akapima pembe yake. Digrii sitini na moja.

"Mama, mapema tungemvisha mkanda wa kuzuia mgongo usizidi kupinda. Sasa ni upasuaji. Nyumbani hakuna aliyeona?"

Binti yangu akanitazama, akajibu kabla sijafungua mdomo: "Hapana, daktari. Nguo zilinikaa vizuri."