Zawadi za Alphonse kutoka vitani

Mama Bibiane alikuwa na mudomo. Nasema hivyo nikimupenda, maana tuliuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, meza moja katika soko la Kalemie, na asubuhi ambayo hakusema kitu nilijua ana malaria. Alitoka kando ya ziwa kaskazini, kule kwa Wabembe, na mume muvuvi ambaye homa ilimuchukua mapema. Akabaki na mutoto mumoja tu, Alphonse. Alimusomesha kwa ndagala. Shule ilipomushinda, kijana akaingia jeshi, na toka siku hiyo sisi wa sokoni hatukupumua. Alphonse huku, Alphonse kule. Wateja wangu walirudi kwao wakijua hata ukubwa wa viatu vya Alphonse.

Mwaka wa 1990, ule tulioruhusiwa tena kuitana Madamu badala ya Citoyenne, yaani raia, redio ilitangaza mwezi wa kumi kwamba jirani yetu Rwanda ameingiliwa na vita, na Zaire inatuma askari kumusaidia. Alphonse alikuwa kati yao.

Weh! Siku ile Mama Bibiane hakuuza, aligawa. Kila aliyesimama mezani alipimiwa na nyongeza juu.

"Mutoto wangu amekwenda kuokoa watu," alisema. "Zaire ni nchi kubwa. Jirani akilia, sisi tunakwenda."

Mimi nina kasoro moja: nikiona jambo halikai sawa, siwezi kulimeza. Nikamuuliza, "Kuokoa na nini, Mama Bibiane? Walimu wa watoto wetu hawalipwi. Mugonjwa hapa anakwenda kulazwa na sindano yake mukononi. Ndege ya kubeba askari inapatikana, serumu ya kumutundikia mugonjwa haipatikani? Na huyo Alphonse, solde yake, mushahara wa jeshi, ameiona lini?"

"Rosalie, wivu utakuua," akanijibu, na meza zote zikacheka. Nilicheka na mimi, nifanye nini?

Mwanzoni mwa mwezi uliofuata, Alphonse akashuka bandarini kutoka boti ya Uvira, amekonda, na mifuko miwili mikubwa ya kijeshi imejaa mupaka kamba zinalia. Mama yake alipiga vigelegele toka bandarini mupaka nyumbani. Nilipiga naye. Mutoto aliyekwenda vitani akarudi na miguu yake miwili, nani atanuna?

Sasa, kwetu musafiri akirudi hali peke yake. Mama yake anagawa. Siyo sheria ya serikali, lakini jaribu kuiacha uone kama kuna muntu atakuja kulala kwenye kilio chako. Kesho yake Mama Bibiane alizunguka avenyu yetu nyumba kwa nyumba, muzigo kichwani, anagawa kama muntu anayeoza binti. Célestine, mama wa kwaya, alipata pazia za maua. Zaina, mujane anayeuza chumvi karibu na musikiti, ambaye wakati ule alikuwa anauguza mama yake muzazi, alipata shuka mbili nyeupe pe. Mimi nilipata sufuria kubwa, kifuniko kimefungwa kwa kamba.

"Alphonse amenunua," alisema. "Kule vitu ni bei rahisi."

Zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, ingekuwa kama unakagua. Nikashukuru, nikaipandisha juu ya kabati kungoja Noeli.

Kabla ya Noeli, mama ya Zaina akafa. Ile serumu niliyokuwa napigia kelele sokoni, Zaina aliitafuta muji muzima bila kuipata. Tulilala kwenye mikeka tukilia naye. Mama Bibiane alilia kuliko wote, maana moyo wake ulikuwa muzuri, hilo sitamunyang'anya.

Noeli ilipokaribia nikashusha sufuria, nikafungua kamba. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na maharagwe. Siyo ya kupika, hapana. Yalikuwa yameungulia chini ya sufuria, yamekauka, na alama za kijiko zimepita juu yake. Mama yeyote aliyewahi kupika anajua alama hizo. Duka gani linauza sufuria yenye ukoko?

Nikaibeba hivyohivyo mupaka kwa Mama Bibiane. Alphonse alikuwa uani, anapaka viatu vyake rangi. Niliweka sufuria mbele yake, nikaondoa kifuniko. Mama yake aliinama, akaangalia, akakwangua kwa kucha.

"Alphonse, hii ulinunua wapi?"

Kijana akaendelea kupaka viatu. "Mama, acha."

"Nimekuuliza."

"Mulango ulikuwa wazi. Walikuwa wamekimbia. Maharagwe yalikuwa bado ya moto, tulikuwa na njaa, tukala."

"Wamekimbia nani? Adui?"

"Watu tu, mama. Wenye nyumba."

"Wale muliokwenda kusaidia?"

Alphonse akasimama. Halafu akatupa kile kitambaa cha viatu, akaanza kupiga kelele, na macho yake yamejaa machozi. "Solde hatukuona! Chakula hatukuona! Mukubwa wetu alisema kila muntu ajipange, ajitafutie. Ulitaka nirudi mikono mitupu, avenyu yote inakungojea na wewe umekwisha kuwaimbia jina langu? Ulitaka nikuletee nini?"

Nilifikiri Mama Bibiane atamupiga. Hakumupiga. Alikaa chini, palepale kwenye mavumbi, na kikwembe chake kizuri kiunoni, akafunika uso kwa mikono.

"Ni haya, Rosalie," alisema kutoka ndani ya mikono ile. "Haya inaunguza. Mwanamuke mwenzangu aliacha sufuria motoni, mimi nikatamba nayo barabarani."

Kisha akasimama. Alitaka vitu vyote virudi, hata kimoja kisibaki Kalemie. Atavipeleka kwa mapadri, wao wana wenzao Rwanda, watatafuta njia. Nilimuambia watu watamutukana. Kudai zawadi uliyotoa kwa mukono wako ni kama kumulaani muntu. Alijua kuliko mimi. Akafunga kiuno, tukatoka.

Kwa Célestine ilikuwa vita. "Zawadi inarudishwa? Umerogwa?" Mama Bibiane akamuambia ukweli, mulangoni, majirani wakisikia. Célestine alipanda juu ya kiti, akang'oa pazia, akazitupa miguuni petu. "Mumenifanya nisali rozari chini ya vitu vya wizi," alisema, akafunga mulango. Mama Bibiane aliziokota, akazikunja vizuri. Nyumba zote zilikuwa hivyo. Mwingine alirudisha kwa huruma, na huruma ile ilimuumiza zaidi.

Mwisho tukafika kwa Zaina. Alikuwa anafungafunga chumvi, bado amekonda kwa kilio. Akatutandikia mukeka.

"Zaina," alianza Mama Bibiane, "samahani, nakuja na haya usoni. Zile shuka mbili..."

Zaina akatabasamu, mara ya kwanza toka kilio. Akashika mukono wa Mama Bibiane kwa mikono yake miwili.

"Nilitaka kuja mwenyewe kukushukuru, haya ilinizuia. Sanda sikuwa nayo. Niliulizia kila duka, kitambaa cheupe bei yake siiwezi. Nikakumbuka shuka zako. Mama amelala ndani ya zote mbili, safi kabisa, kama muntu mwenye watoto wenye mali."

Niliangalia Mama Bibiane. Mudomo wake ulifunguka. Mwanamuke aliyesema ukweli kwenye milango yote ya avenyu, aliutafuta ukweli huo na hakuweza kuutoa. Utasema nini? Kwamba mama yake amezikwa na shuka za vitanda vya watu waliokimbia? Mufukue?

Zaina akainua mikono, viganja juu, kama Waislamu wanavyofanya.

"Namuombea Alphonse. Mungu amulipe kwa yote aliyoyafanya kule Rwanda."

Akangoja, mikono hewani. Dua inangoja kuitikiwa.

"Amina," akasema Mama Bibiane.