Kura ya Meno ya Shangazi

Kitongoji chetu kule Maji ya Chai kiliwahi kupiga kura kuamua mahali alipozaliwa shangazi yangu. Nilikuwepo, nimekalia tofali nyuma ya kina mama.

Chanzo kilikuwa picha. Shangazi alikuwa anagombea uenyekiti wa kamati ya maji, na kanuni tulizojiwekea zinataka mwenyekiti awe mzaliwa wa hapa. Siku chache kabla ya mkutano, picha yake akicheka harusini iliingia kwenye kundi la wasapu la kitongoji, meno yamezungushiwa duara jekundu. Chini yake: "Mzaliwa wa hapa ana meno meupe hivi? Amkeni." Maji yetu yana madini yanayotia meno rangi ya kahawia tangu utotoni, mtu wa kwetu hutambulika hata akiwa mbali mjini, kule Lemara, akicheka tu. Picha ikasambaa hadi kwa waliohamia Dar.

Mkutanoni, mzee mmoja wa safu ya mbele alikuwa wa kwanza kusimama.

"Mimi cheti changu hiki hapa," akasema, akafunua meno ya kahawia yaliyojaa mapengo. "Chako kiko wapi, binti?"

"Shikamoo, babu," shangazi akajibu. "Mbona chako kimebaki nusu ukurasa?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kitongoji akagonga meza. Shangazi akaeleza kwamba mama yake alinunua pipa la kukingia mvua, na yeye amekua akinywa maji hayo. Ndiyo maana anataka simtanki la kukingia mvua shuleni, meno ya watoto yapone.

"Na kaka yako je?" mama mmoja akauliza.

Kaka yake ni baba yangu. Akasimama, akafungua mdomo. Kahawia tupu.

"Tumbo moja hilo?" sauti ikatoka nyuma. "Labda dada aliokotwa!"

"Pipa lilinunuliwa mimi nimeshaota meno yote," baba akasema, akakaa.

Mwenyekiti aliona maneno hayaishi. Akaamuru wanaoamini alizaliwa hapa wapange mstari upande wa kioski cha maji, wasioamini upande wa michongoma.

Mwalimu mstaafu akapinga. "Hilo halipigiwi kura, mwenyekiti. Ama alizaliwa hapa, ama hakuzaliwa."

"Una shahidi, mwalimu?"

Hakuwa naye. Akaenda kusimama upande wa kioski, akinung'unika. Shangazi peke yake alibaki katikati. Wakamwuliza mbona hapangi mstari.

"Siku hiyo nilikuwepo," akasema, "ila sikumbuki kitu."

Mstari wa kioski uliupita ule mwingine kwa mbali. Hata jirani yetu aliyesambaza picha alikuwa humo. "Nilituma watu waone tu," aliniambia. "Nani kasema naamini?" Katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba mgombea amethibitishwa kuzaliwa hapa. Kura ya uenyekiti ilifuata, shangazi akashinda, na simtanki la kwanza limeshafungwa shuleni.

Mwakani anagombea tena, kwa hiyo juzi nikaona nimwulize baba dada yake alizaliwa wapi hasa. Alisema siku aliyozaliwa shangazi yeye alikuwa machungani tangu asubuhi. Bibi alikuwa ameaga kwamba anakwenda sokoni Tengeru. Baba aliporudi na ng'ombe jioni, akamkuta kitandani na mtoto. Alijifungulia wapi, baba hakuuliza, na bibi ameshafariki. Nikaomba kadi ya ubatizo ya shangazi. Ina jina, tarehe na muhuri wa usharika. Mahali pa kuzaliwa pameachwa wazi.